Betri Iliyochoka ni Dhima ya Nani?



Tumeletewa mas-ala na baadhi ya ndugu zetu wa hapa mjini. Mmoja ana duka la vyombo vya motokaa, wa pili ana pikipiki anazowakodisha vijana, na wa tatu ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Maneno yao ni mbalimbali, lakini wote wauliza jambo moja: hizi betri kubwa za pikipiki, tuktuk na motokaa zendazo kwa umeme, zikishachoka huwa katika dhima ya nani? Je, mwenye kuiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, hali ya kuwa hajui iendako, ameshatoka katika dhima? Na je, yafaa kuitumia tena kwa kazi nyengine, au kumuuzia atakayeitumia?

Twajua ya kwamba watakuwako watakaosema: haya ni mambo ya mafundi na ya serikali, gazeti la dini lina haja gani nayo? Twawajibu kwa upole. Aliyewahi kufungua kitabu chochote cha fiqhi ajua kwamba baada ya milango ya twahara, sala, zaka, saumu na hija, huja milango mirefu ya kuuza na kununua, ya rehani, ya ijara, ya amana, ya kupokonya mali ya watu, na ya haki za jirani. Wanavyuoni wa zamani walizungumza juu ya moshi wa tanuri uingiao nyumba ya jirani, na juu ya uvundo wa mahali panapotengenezwa ngozi. Lau wangekuwa hai hivi leo wangezungumza juu ya betri. Na katika kanuni zao ni kuwa mtu hawezi kukihukumu kitu asichokijua. Basi yatubidi kwanza tukieleze kitu chenyewe.

Betri tuliyoizoea katika motokaa zetu tangu zamani ni ile ya tindikali. Ndani yake mna madini ya risasi na maji ya tindikali. Hii mpya, iitwayo betri ya lithiamu, ilianza kuuzwa ulimwenguni mwaka 1991, na wataalamu watatu walioweka msingi wake, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tunzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ndani yake hamna risasi. Mna lithiamu, shaba, aluminiamu na grafaiti. Katika nyingi mna nikeli, manganizi na kobalti pia, na nyengine hutengenezwa kwa chuma na fosfati badala ya hizo. Betri ya motokaa si kipande kimoja, bali ni vijibetri vingi, pengine mamia, pengine maelfu, vilivyofungwa pamoja na kifaa cha kuvilinda visitiwe umeme kupita kiasi wala visipate moto.

Betri hii haifi kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, na ikishabakiwa na sehemu kama 70 au 80 katika 100 ya nguvu zake za kwanza, motokaa haifiki tena mbali kama ilivyokuwa ikifika, na mwenyewe huiona imechoka. Lakini mzee aliyeacha kubeba magunia bandarini kwa sababu ya umri hakuacha kuwa mtu wa faida. Aweza kukaa dukani akauza na akatunza mali. Betri nayo ni vivyo hivyo. Iliyoshindwa kuivuta motokaa yaweza kukaa mahali pamoja kwa miaka mingi, ikahifadhi umeme wa jua wa mchana ili watu wapate taa usiku.

Hapa petu biashara hii imeingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni pikipiki. Mwezi wa Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua hapa Mombasa mpango wa pikipiki za umeme, na wengi katika vijana wanaozipanda pikipiki hizi nchini hawamiliki betri: huifikisha ile iliyokwisha umeme kwenye kituo, wakapewa iliyojaa, wakalipa ujira. Mlango wa pili ni motokaa zilizokwisha tumika Japani, zishushwazo Kilindini, na mashuhuri katika hizo ni Nissan Leaf. Serikali hairuhusu kuingizwa motokaa iliyozidi miaka 8, lakini hata ya miaka 6 au 7 yaingia hali betri yake imeshakula sehemu ya umri wake huko ilikotoka.

Hatuandiki haya kuupinga umeme. Chombo kisichotoa moshi barabarani ni neema kwa vifua vya watu wote, na kijana asiyenunua petroli hubakiwa na kitu cha kuwalisha watoto wake. Tunaloliuliza ni jengine: kitu hiki kikishaingia, chatokea wapi?

Na khabari ya swali hili si ngeni kwetu sisi watu wa Mombasa.

Upande wa Mikindani upo mtaa uitwao Owino Uhuru, wa watu kama 3,000, wengi wao maskini. Kiasi cha mwaka 2007 kikaletwa kiwanda ukutani mwa nyumba zao, kazi yake kuyeyusha betri kuukuu za tindikali ili kutoa risasi. Moshi wake uliwaingia watu ndani, vumbi lake likatua juu ya mabati, na mvua ikiliosha vumbi lile ikilitia katika maji ya watu. Na maji machafu ya kiwanda yalipita katikati ya mtaa, mahali watoto wanapocheza. Watu wakaanza kulalamika kwa kukohoa, na kwa ngozi kuwasha, na wanawake kwa kuharibikiwa na mimba. Mmoja wa waliofanya kazi katika kiwanda hicho, Bibi Phyllis Omido, aliugulikiwa na mtoto wake mchanga, na mtoto alipopimwa damu yake ilionekana ina risasi. Bibi huyu akaacha kazi akasimama na watu wa mtaa. Alikamatwa, akatishwa, asirudi nyuma, hata kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tunzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira.

Ama haki ya watu wenyewe, hiyo ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwahukumia wakazi fidia ya shilingi 1,300,000,000, na kuamuru udongo na maji ya mtaa vitakaswe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani iliitengua fidia ile. Mwezi wa Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hebu msomaji na ahesabu: kutoka kufungwa kiwanda hata hukumu hii ya mwisho ni miaka 10 na zaidi. Mtoto aliyekuwa akinyonya wakati ule alikuwa amekwisha kuwa kijana. Na madhara ya risasi khasa ni katika ubongo wa mtoto: humpunguzia akili ya kujifunza na utulivu wa kukaa darasani, na hapana dawa imrudishiayo kilichokwisha haribika. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema wazi kuwa hapana kiasi cha risasi, kiwe kidogo namna gani, kijulikanacho kuwa ni salama mwilini.

Wala si sisi peke yetu. Katika Senegal, nchi ya Waislamu wenzetu, upo mji mdogo wa wavuvi uitwao Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar. Watu wa huko walikuwa wakivunja betri kuukuu mlangoni mwao, na bei ya risasi ilipopanda wanawake wakachekecha mchanga ili waokote vipande vyake. Kati ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa mwaka 2008 walikufa watoto 18. Mama zao hawakujua ya kuwa vumbi lile la riziki ndilo lililokuwa likiwaua wana wao.

Sasa turejee kwa ndugu yetu mwenye duka. Betri zilizoyeyushwa Owino Uhuru hazikuteremka kutoka mbinguni. Zilitoka katika motokaa na malori ya watu wenye heshima zao, wakaziuza kwa shilingi chache kwa mpita njia mwenye mkokoteni, wasiulize neno. Je, watu hao wana dhambi?

Wanavyuoni wamepambanua baina ya mwenye kufanya tendo kwa mkono wake na mwenye kuwa sababu ya mbali. Aliyeyeyusha kati ya nyumba za watu ndiye mtendaji, na dhamana ya kwanza ni juu yake, na juu ya aliyempa ruhusa naye ajua. Lakini ipo mas-ala ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi ya Imamu Shafi ameisoma, nayo ni ya kumuuzia zabibu mbichi mtu anayetengeneza ulevi. Zabibu ni halali, na kuuza ni halali. Pamoja na hayo, muuzaji akijua au akiwa na dhana yenye nguvu kuwa mnunuzi atazifanya ulevi, kumuuzia ni haramu. Na akiwa na shaka tu, ni makuruhu. Basi betri ni kama zabibu hizo. Zamani mtu aliweza kusema: sikujua. Lakini baada ya yaliyopita Owino Uhuru, ambayo yametangazwa katika mahakama na magazeti na mabaraza, mwenye duka wa Mombasa asemaye hajui betri kuukuu zaweza kufanya nini, huyo hakutaka kujua. Maoni yetu ni kwamba kumuuzia betri mtu ambaye dhana yenye nguvu ni kuwa ataivunja uani na kumwaga tindikali mtaroni hakufai, hata akiongeza bei. Amtafute mwenye kibali cha serikali, hata akimpa bei ndogo, na hiyo khasara ndogo aihesabu katika gharama za biashara yake, kama anavyoihesabu kodi ya duka.

Wala hatusemi ya kwamba kuyeyusha betri ni kubaya kwa asili yake. Katika Marekani na Ulaya karibu betri zote za tindikali hukusanywa, na risasi yake hurudi kuwa betri mpya. Kiwanda cha namna hiyo hufungwa kila upande, moshi wake huchujwa, wafanyao kazi huvishwa na hupimwa damu, na huwekwa mbali na nyumba za watu. Kazi ni moja. Lililozidi huko ni gharama, na gharama hiyo ndiyo mwenye kiwanda wa hapa aliyoikwepa, ikalipwa na watoto.

Atasema mwengine: lakini lithiamu si risasi. Ni kweli, na kila mwenye ilimu ayasema hayo. Lakini kwanza, motokaa nyingi za umeme zina pia betri ndogo ya tindikali kwa ajili ya taa na vyombo vyengine, na ziko tuktuk za umeme zinazokwenda kwa betri za tindikali tupu. Pili, lithiamu ina khatari yake yenyewe. Betri yake ikitobolewa, au ikipigwa, au ikitiwa umeme ovyo, yaweza kuwaka kwa ndani, na kijibetri kimoja kikiwaka huambukiza cha pili, na moto wake ukizimwa waweza kurudi baada ya masaa au hata siku. Moshi wake una sumu ichomayo mapafu. Afikirie msomaji betri ya namna hiyo imetupwa katika jaa la Mwakirunge, na wale maskini wanaochakura taka kwa vyuma vyao waigonge ili watoe shaba. Hawatakuwa na khabari hata ya jina lake.

Tuje kwa swali la kuitumia tena. Hapa twapenda kukumbusha kisa kilichopokewa katika vitabu sahihi. Mwanamke mmoja aliyeachwa huru na Bibi Maimuna, mke wa Mtume (S.A.W.), alipewa mbuzi au kondoo wa sadaka, akafa. Mtume (S.A.W.) akampitia mnyama yule ametupwa, akawauliza kwa nini hawakuitwaa ngozi yake wakaitengeneza wakanufaika nayo. Wakamwambia kuwa ni mfu. Akawafahamisha ya kwamba kilichoharimishwa ni kumla tu.

Kisa hiki watu wengi hukisoma katika mlango wa twahara na kupita. Sisi twaona kina mafunzo mengine ndani yake. Mzoga ni kitu ambacho nafsi hukikimbia, na watu wale walikuwa na udhuru wa kukitupa; lakini wakafunzwa kuwa kufa kwa kitu katika matumizi yake moja si kufa kwake katika matumizi yote. Na tena, hawakuambiwa waivae ngozi vile vile ilivyo na damu yake. Sharti yake ni kutengenezwa: ikwanguliwe, itiwe dawa, uchafu uondoke. Kazi hiyo ina mafundi wake, na ngozi isiyotengenezwa hubaki najisi hata ikipendeza namna gani.

Basi betri iliyochoka ina ngozi yake, na ngozi hiyo ina matengenezo yake. Huko Amsterdam katika Uholanzi, tangu mwaka 2018, uwanja mkubwa wa mpira una akiba ya umeme iliyojengwa kwa betri zinazolingana na za motokaa 148 za Nissan Leaf, na baadhi yake ni zilizokwisha tumika barabarani. Katika Japani, katika mji wa Namie ulioharibiwa na tetemeko na maafa ya mwaka 2011, kilifunguliwa mwaka 2018 kiwanda ambacho kazi yake ni kuzipokea betri za Leaf, kuzipima, kuzipanga kwa daraja na kuzipa kazi mpya. Zenye nguvu zaidi hurudi katika motokaa, zilizopungua hutiwa katika vyombo vya kazi ndogo, na dhaifu zaidi huwa akiba ya umeme. Kupima ndiyo matengenezo yenyewe. Kijibetri dhaifu kikifungwa pamoja na chenye nguvu, chenye nguvu hukichosha dhaifu hata kikaharibika, na pengine kikawaka.

Hapa mafundi wetu ni hodari, hilo hapana alikanaye. Ni watu wa kutoa taa katika kopo na kiatu katika tairi, na mjomba wa kila mmoja wetu aliwahi kurudishiwa redio iliyotangazwa kuwa imekufa. Lakini kopo halilipuki. Twamnasihi fundi asifungue betri ya motokaa kwa bisibisi na ujasiri. Umeme uliomo ndani yake waweza kumuua pale pale. Ajifunze kwanza kwa wanaojua, awe na chombo cha kupimia, na asifanye kazi hiyo chini ya nyumba wanamolala watu.

Na muuzaji wa betri iliyotumika, au wa motokaa yenye betri hiyo, yampasa aseme kweli. Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono wake katika fungu la nafaka sokoni, vidole vyake vikagusa umaji chini; na mwenyewe alipojitetea kuwa ni mvua, akaulizwa kwa nini hakuuweka umaji ule juu watu wauone, na akaonywa onyo kali la mwenye kughushi. Motokaa ya Leaf ina mahali mbele ya dereva paonyeshapo vijipao 12 vya afya ya betri, na vikipungua mnunuzi huona. Sasa wako ulimwenguni watu wanaoichezea hesabu hiyo ili vijipao vionekane vimejaa, na baada ya muda si mrefu vikaporomoka. Hapana tafauti baina ya hilo na kufunika nafaka mbichi kwa nafaka kavu. Mnunuzi aliyeuziwa hivyo ana khiari ya aibu: arudishe kitu na apewe fedha zake. Nayo mali ya muuzaji yule, hata akiitoa sadaka msikitini, ni mali ya kughushi.

Ama ndugu yetu mwenye pikipiki za kukodisha, mas-ala yake ni nyepesi kuliko adhaniavyo. Katika ijara kitu hubaki milki ya mwenyewe, na aliyekikodi ni amini. Hana dhamana ila akivuka mpaka au akipuuza. Basi kampuni ambayo betri ni yake, na ujira wa kila siku ni wake, mwisho wa betri nao ni wake. Wanavyuoni wana kanuni yao mashuhuri kuwa mwenye kula faida ya kitu ndiye abebaye dhamana yake. Haifai mwenye betri kumsukumia kijana wa bodaboda betri iliyofura na kumwambia ajue aitupapo. Na kijana naye, akiipeleka kwa fundi wa mtaani aifungue ili aongeze mwendo, hapo amevuka mpaka, na dhamana yamrudia yeye.

Na jambo hili serikali za ulimwengu nazo zimelifikia kwa njia yao. China tangu mwaka 2018 imewawekea watengenezaji wa motokaa wajibu wa kuzikusanya betri zake. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 kwamba mwenye kuitia betri sokoni ndiye mwenye wajibu wa mwisho wake. Na ya kuwa ifikapo mwisho wa mwaka 2027 katika betri kuukuu itolewe angalau nusu ya lithiamu iliyomo, na mwisho wa mwaka 2031 sehemu 80 katika 100, na kobalti, shaba na nikeli sehemu 95. Hapa Kenya nayo sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imemtia mtengenezaji na muingizaji katika jukumu la kitu alichokileta hata kikishakuwa taka. Sheria iko. Lakini sheria haina macho ila ya watu, na mwenye duka akiuliza risiti ya kibali, na mnunuzi akiuliza duka, ndipo itakapoona.

Faida ya kuyatoa madini haya na kuyarudisha kazini yawafikia pia ndugu walio mbali. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu huchimbwa Kongo, na katika wachimbao huko Kolwezi wako maelfu washukao mashimoni kwa nyundo na kamba, watu wasemao Kiswahili kama sisi, na wengine wao hufukiwa na udongo. Madini hayazeeki. Betri ikisagwa katika kiwanda kizuri hutoka unga mweusi, na unga ule ukichujwa kwa tindikali hutoka kobalti na nikeli na lithiamu iliyo sawa na ya shimoni. Kila kilo inayotoka katika unga huo ni kilo isiyohitaji mtu kuingia shimoni, ijapokuwa hatudai kuwa mashimo yatafungwa kwa hilo peke yake.

Msomaji atakumbuka mfano wa Mtume (S.A.W.) wa watu waliopanda chombo, wengine juu na wengine chini, na wale wa chini wakataka kutoboa chombo ili wapate maji. Sisi wenyeji wa pwani twaufahamu mfano huo kuliko wengi, maana tumevijua vyombo. Hutajwa kila mara kuwalaumu walio chini. Lakini katika khabari hii ya betri, walio chini hawakutaka kutoboa kitu; ni wa juu waliowatupia sumu yao chini, wakidhani chini ni nje ya chombo. Na yule mwenye mkokoteni aokotaye vyuma asubuhi hata jioni, yeye hatumlaumu. Aliye na njaa huchukua anachopewa. Angelipwa ujira kidogo kwa kila betri aifikishayo nzima mahali pake, asingekuwa na haja ya kuivunja, na jambo hilo wenye maduka wakikutana hata kumi tu waweza kulipanga wenyewe, bila ya kungoja mtu wa Nairobi.

Limebaki swali la mjumbe wa kamati, kuwa yafaa msikiti kununua betri zilizotumika kwa ajili ya taa, kipaza sauti na pampu ya maji ya udhu. Jawabu letu ni kuwa yafaa, na ni jambo zuri, lakini mali ya wakfu si mali ya kufanyia majaribio, na nadhiri wake ni lazima atazame maslaha ya wakfu kabla ya urahisi wa bei. Anunue kwa aliyezipima na akaandika kipimo na muda wa dhamana. Ziwekwe katika chumba cha mawe kilicho nje, chenye kupitisha hewa, mbali na ngazi ya wanawake na mbali na madrasa, pamoja na kifaa chake cha kuzilinda. Betri mpya isichanganywe na kuukuu. Ikifura isitobolewe wala isiguswe na mtoto. Aitwe fundi ajuaye. Na katika mkataba iandikwe kuwa muuzaji atazichukua zikishakufa, na kama hakubali, asinunuliwe.

Ama zile betri tatu za tindikali ambazo mjumbe ametueleza kuwa zimewekwa nyuma ya birika tangu mwaka jana, na moja yake imepasuka, hizo zisingoje mkutano wa kamati. Ziwekwe leo katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko, kwa mkono wenye glavu, zipelekwe kwa mwenye kibali. Na mchanga ulio chini yake uzolewe utiwe katika ndoo ya pili, upelekwe pamoja nazo, kwa kuwa hapo ndipo watoto wa chuo hukaa wakingoja alasiri.